Rezidensi ya famasia Marekani: Novemba umeshachelewa

Kila mwaka ifikapo Novemba, magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa famasia walioko Marekani huchangamka. PhORCAS, mfumo wa mtandaoni unaopokea maombi ya rezidensi, umefunguliwa, na maswali ni yale yale: CV iwe kurasa ngapi, niombe programu ngapi, barua ianze na sentensi gani. Ni maswali halali, ila yanaulizwa wakati sehemu nzito ya kazi imeshakwisha, au imeshaharibika. Ombi la rezidensi huamuliwa zaidi na watu uliofanya kazi chini yao kati ya Mei na Oktoba, na mwanafunzi huwachagua watu hao miezi mingi kabla, mara nyingi bila kujua kwamba anachagua.

Kwa asiyeijua vizuri: Marekani, mwenye shahada ya PharmD (udaktari wa famasia) akifaulu mtihani wa leseni wa NAPLEX na kutimiza masharti ya jimbo lake anaruhusiwa kufanya kazi. Rezidensi haitakiwi kisheria. Ni mwaka mmoja wa mafunzo baada ya shahada, unaoitwa PGY1, mara nyingi hospitalini. Anayetaka kubobea kwenye kansa, wagonjwa mahututi, watoto au magonjwa ya kuambukiza huongeza mwaka wa pili, PGY2. ASHP, chama cha wafamasia wa hospitali na mifumo ya afya, ndicho kinachozithibitisha programu hizi. Kiliwahi kujiwekea lengo kwamba kufikia 2020 kila mhitimu mpya anayehudumia wagonjwa moja kwa moja awe amepitia rezidensi. Mwaka ukapita, sharti halikuja. Lakini jaribu kuomba kazi ya famasia ya kliniki katika hospitali kubwa ya chuo kikuu bila PGY1 uone. Upande wa pili, malipo ya rezidenti kwa kawaida hayafiki nusu ya mshahara wa mfamasia aliyeajiriwa, na saa za kazi ni nyingi zaidi. Anayetaka kuendesha duka la dawa hana sababu ya kujitesa. Wapo wanaoomba kwa kuwa darasa zima linaomba, na kamati za usaili huwagundua mapema sana.

Wenye shahada za nyumbani Afrika Mashariki wana kikwazo chao, tena kikubwa. PGY1 inampokea aliyesoma chuo kilichothibitishwa na ACPE, baraza la Marekani linalothibitisha vyuo vya famasia, au mwenye cheti cha FPGEC kutoka NABP, umoja wa bodi za famasia za majimbo. Cheti hicho kinadai vyeti vyako vihakikiwe, upate alama za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, na ufaulu mtihani wa famasia wa FPGEE. Mtego umo kwenye masharti ya kuanzia: aliyehitimu tangu Januari 1, 2003 anatakiwa awe amesoma mtaala wa famasia wa miaka isiyopungua mitano. Shahada ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka mitano. Ya MUHAS, Dar es Salaam, ni minne, na mwaka wa intern unaofuata hufanywa mtu akiwa ameshahitimu, kwa hiyo hauongezi urefu wa mtaala. Mfamasia wa Tanzania mwenye uzoefu wa miaka kumi wodini anaweza kukwama hapo huku kijana aliyemaliza juzi Nairobi akipita. Ni haki? Hatudhani, lakini fomu haiulizi uzoefu. Aliyekwama hubakiwa na njia ya kusoma PharmD ya Marekani, na baadhi ya vyuo vina mkondo uliofupishwa kwa wafamasia kutoka nje. Hakikisha hili kabla ya kulipia TOEFL.

Turudi kwenye kalenda. Mwaka wa mwisho wa PharmD ni wa mafunzo kwa vitendo, saa zisizopungua 1,440, yaliyogawanywa katika rotesheni za wiki nne hadi sita. Huanza Mei au Juni, na chuo humtaka mwanafunzi apange chaguo zake majira ya baridi yaliyotangulia, akiwa bado mwaka wa tatu. Hapo ndipo wengi wanapojifunga goli. Wanatanguliza rotesheni nyepesi, za duka la dawa na za hiari, wakisema tiba ya ndani na ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) zisubiri hadi Februari watakapokuwa wamepevuka. Muda wa mwisho wa programu nyingi huangukia kati ya mwisho wa Desemba na nusu ya kwanza ya Januari. Msimamizi wa ICU atakayekufahamu Februari hawezi kukuandikia lolote. Utabaki na mhadhiri anayejua kwamba ulipata A ya famakolojia, jambo ambalo kamati imeshaliona kwenye matokeo yako.

Wapo wanaokwenda kinyume, wakaanza na ICU mwezi Mei, siku ya kwanza wakaulizwa dozi ya noripinefrini wakabaki wanatazama mashine. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: tiba ya ndani Juni au Julai, kitengo kigumu zaidi Agosti au Septemba, kisha kipindi cha Desemba na cha Januari viwe na ratiba inayolegea. Usaili hufanyika Januari na Februari, na kila siku ya ruhusa unayoomba ni saa unazopaswa kuzifidia. Msimamizi akiambiwa siku ya kwanza ya rotesheni huwa hana shida. Akiambiwa jioni ya kuamkia safari, anakumbuka.

Programu nyingi hutaka wadhamini watatu. Hawaandiki barua ya kawaida ya "kwa yeyote anayehusika", wanajaza fomu ya pamoja ndani ya PhORCAS: wanakupima katika maeneo kama mawasiliano, mpangilio wa muda, utatuzi wa matatizo ya kliniki na namna unavyopokea kukosolewa, wanaandika maelezo, na mwisho wanachagua daraja: anapendekezwa sana, anapendekezwa, anapendekezwa kwa tahadhari, au hapendekezwi. Ukitazama madaraja hayo manne unadhani la pili ni zuri. Kwa programu inayopokea maombi mengi kwa nafasi chache, "anapendekezwa" bila "sana" husomwa kama adabu ya mtu asiyetaka kukuumiza.

Uzito zaidi uko kwenye maelezo. Linganisha. Mdhamini wa kwanza anaandika: "Mwanafunzi huyu ana bidii na anashirikiana vizuri na wenzake." Wa pili anaandika: "Katika wiki ya tatu aliona mgonjwa wetu wa kifafa, anayetumia valproeti, ameandikiwa meropenemu. Alimpigia daktari kabla ya raundi, akaeleza kwamba kiwango cha valproeti kitashuka, na alikuwa na antibayotiki mbadala mkononi." Wa kwanza si lazima awe anakuchukia. Huenda alikupenda sana, ila amesimamia wanafunzi wengi tangu uondoke na hakumbuki ulifanya nini. Kumkumbusha ni kazi yako. Mpelekee ukurasa mmoja wenye mambo matatu mliyofanya pamoja, kila moja na tarehe, tatizo, pendekezo lako na kilichotokea, bila taarifa yoyote ya kumtambulisha mgonjwa. Ambatanisha CV na orodha ya programu zenye siku zake za mwisho, ya karibu zaidi ikiwa juu. Ili ukurasa huo uwepo Novemba, daftari lazima lianze Mei. Hakuna anayekumbuka Desemba kiwango cha vankomaisini cha Julai.

Omba wiki ya mwisho ya rotesheni, uso kwa uso, na uulize kwa namna inayompa nafasi ya kukataa: "Unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia mapendekezo yenye nguvu?" Akisitasita, mshukuru na utafute mwingine. Kisha Novemba mwandikie tena, kwa sababu mwaliko wa PhORCAS huja kwa barua pepe ya kompyuta na hospitali nyingi huutupa kwenye taka. Mdhamini mwenye nia njema ambaye hakuona mwaliko ni sawa na asiyekuwepo. Angalia hali ya maombi yako kila wiki.

Fomu pia inamtaka mdhamini ataje eneo unalopaswa kuboresha. Akiandika "sioni udhaifu wowote" anakupunguzia thamani, maana kamati inasoma kwamba hakukuangalia kwa karibu. Anayeandika kwamba Juni ulikuwa unapoteza dakika nyingi kwenye chati moja, na kufikia wiki ya tano ulikuwa unawahi raundi ukiwa na wagonjwa wanane tayari, amekufanyia hisani kubwa. Kwa hiyo katikati ya rotesheni omba kukosolewa, rekebisha, na hakikisha ameona umerekebisha.

Kuna jambo la malezi hapa. Aliyekulia Tanga au Kisumu amefundishwa asimkatize mkubwa, asijisifu, asubiri aulizwe. Kwenye raundi za hospitali ya Marekani heshima hiyo huonekana kama kutojua, na fomu inarudi na neno "mkimya". Hakuna anayekudai uwe mpiga kelele. Kanuni ndogo inatosha: kwa kila mgonjwa wako, sema pendekezo moja kwa sauti kabla timu haijahamia kitanda kinachofuata, hata kama ni "dozi zote ziko sawa kwa figo zake za leo". Sentensi hiyo moja, ikirudiwa kila siku kwa wiki tano, ndiyo inayompa msimamizi cha kuandika.

Barua ya maombi ni ukurasa mmoja, na nyingi zinafanana kiasi cha kuchosha. Bibi aliugua, dawa zikachanganywa, nikaamua kuwa mfamasia. Msomaji wa kamati amewauguza mabibi hao wote. Anachotaka ni kujua unataka kufanya kazi gani baada ya miaka miwili, kitu gani kwenye programu yake kinakupeleka huko, na ushahidi gani unaonyesha utaiweza. Kitu hicho kiwe mahususi: rotesheni ya lazima ya idara ya dharura, zamu za usiku ambazo rezidenti anaitwa kwenye kila mgonjwa wa kiharusi, kliniki ya antikoagulanti (dawa za kuzuia damu kuganda) inayoendeshwa na wafamasia, PGY2 ya magonjwa ya kuambukiza katika hospitali hiyo hiyo. Ukifuta jina la hospitali na barua bado inafaa kupelekwa kwingine, haijaandikwa. Na kosa la kuacha jina la hospitali nyingine kwenye aya ya mwisho bado linatokea kila mwaka; baadhi ya programu hulifunga faili hapo hapo.

CV haituhitaji kwa muda mrefu. Orodhesha rotesheni na wasimamizi, mawasilisho kwa kichwa na tarehe, kazi za kulipwa, uongozi. Chochote kilichomo ni halali kuulizwa, kwa hiyo bango la utafiti ulilolisahau ama ulisome upya, ama uliondoe.

Kuhusu idadi ya programu, msimamo wetu ni kwamba kati ya nane na kumi na mbili inatosha kwa mwombaji wa kawaida. Anayeomba ishirini na tano huandika barua moja mara ishirini na tano, na akipata bahati ya kuitwa kumi na tano anakosa siku za kuzihudhuria. Anayeomba nne tu, zote za hospitali maarufu za jiji moja, anacheza kamari. Changanya ukubwa: hospitali za jamii na zile za maveterani hutoa mafunzo mazuri na mara nyingi haziandamwi kama za vyuo vikuu.

Mawili ya kiutawala yanaangusha watu wazima. Kujisajili PhORCAS si kujisajili kwenye Match. Match, yaani ule upangaji wa waombaji na programu, huendeshwa na National Matching Services, kwa usajili wake na ada yake. Na matokeo rasmi ya chuo lazima yafike na kuhakikiwa kabla ombi halijahesabika kuwa kamili. Msajili wa chuo hufunga ofisi wakati wa Krismasi. Agiza matokeo mapema Novemba.

Kwenye usaili, maswali ya tabia yanaweza kuandaliwa: mgogoro na mwenzako, kosa la dawa, mara uliyoshindwa. Andaa visa sita vyenye mwanzo, ulichofanya na matokeo. Kesi ya mgonjwa ndiyo inayowatenganisha watu, na wanaoanguka mara nyingi huwa na maarifa, wamekosa mpangilio tu. Chukua mfano. Mama wa miaka 70, kilo 60, amelazwa kwa nimonia. Siku ya tatu kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, imepanda kutoka 0.9 hadi 1.8 mg/dL. Anapata enoksaparini mg 40 kwa siku ya kuzuia damu kuganda, metformini yake ya kisukari ya nyumbani, na ibuprofeni ya maumivu ya goti. Una nusu saa.

Mwombaji wa kawaida anachomoa kanuni ya Cockcroft-Gault ya kukadiria uwezo wa figo: 140 kutoa 70, mara 60, gawa kwa 72 mara 1.8, kisha mara 0.85 kwa kuwa ni mwanamke. Anapata takriban 27.5 mL kwa dakika, chini ya 30, anashusha enoksaparini hadi mg 30, anatabasamu. Hesabu ni sahihi. Lakini ibuprofeni bado inaendelea kuziumiza figo, na metformini bado iko kwenye chati. Mwombaji mzuri anaanza na kinachodhuru: anasimamisha ibuprofeni, anaweka parasetamoli, anasimamisha metformini na kupanga insulini ya muda kulingana na sukari. Ndipo anafika kwenye enoksaparini, na hapo anasema jambo ambalo wasaili wanalisubiri: kanuni hii inachukulia kwamba kreatinini imetulia. Ikiwa bado inapanda, uwezo halisi wa figo huenda uko chini ya 27.5, kwa hiyo anaweza kupendekeza heparini ya kawaida ya chini ya ngozi, anauliza kiasi cha mkojo, na anapanga kupima tena kesho asubuhi. Asipojua kitu anasema hajui na anataja atakapokitafuta. Kubahatisha dozi mbele ya wafamasia watano ni njia ya haraka ya kutoka kwenye orodha yao.

Mwanzoni mwa Machi unawasilisha orodha ya vipaumbele, na hapa uzushi hauishi. Wanafunzi wanaambiana uiweke juu programu "inayokutaka", usipoteze nafasi ya kwanza kwa ndoto. Si kweli, na sababu ni ya kihesabu. Mfumo huanza na orodha ya mwombaji. Mshika nafasi katika programu ni wa muda tu mpaka mwisho. Akija mwingine aliyepangwa juu zaidi na programu hiyo, wa kwanza anatolewa na kujaribiwa kwenye chaguo lake linalofuata. Tuseme unaipenda Boston, kisha Houston, kisha Minneapolis, na unahisi Minneapolis ndiyo inayokupenda. Ukiiweka Boston kwanza ukakosa, unajaribiwa Houston, ukikosa unafika Minneapolis ukiwa na nguvu ile ile ambayo ungekuwa nayo kama ungeiweka ya kwanza, kwa sababu kinachoangaliwa pale ni wao wamekuweka wa ngapi. Ukiitanguliza Minneapolis kwa woga, na Boston nayo ilikuwa inakutaka, umejinyima mwenyewe. Utafiti wa aina hii ya upangaji ndio uliowapa Alvin Roth na Lloyd Shapley Tuzo ya Nobel ya uchumi 2012. Programu hairuhusiwi kukuuliza utaipanga ya ngapi. Ikiuliza, jibu kwa adabu bila namba.

Matokeo yanafunga pande zote mbili, kwa hiyo usiiweke kwenye orodha programu ambayo hungeweza kuishi nayo mwaka mzima. Ukikosa katikati ya Machi, awamu ya pili, iliyoanzishwa 2016, inafunguliwa mara moja, na mambo yake yote huisha kufikia Aprili. Hakuna muda wa kuanza upya. Wenye akili hujiandalia Februari: CV iliyosasishwa, kiunzi cha barua kinachohitaji aya moja mpya kwa kila hospitali, na neno la mapema kwa wadhamini. Usione haya, nafasi zinazobaki si lazima ziwe mbovu, nyingine zimebaki kwa sababu hospitali iko mji ambao hakuna anayeujua.

Ukishapangiwa, leseni inafuata. Viwango vya ASHP vinataka uwe na leseni ndani ya siku 120 tangu kuanza, na angalau theluthi mbili ya mwaka uifanye ukiwa mfamasia mwenye leseni. Anayeanza Julai 1 ana hadi mwisho wa Oktoba. NAPLEX ukiianguka unasubiri siku 45 kabla ya kurudia, kwa hiyo mtihani wa kwanza wa Septemba haukuachii nafasi ya kuteleza. Fanya Juni.

Na mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 ana hesabu yake ya pekee. Kibali cha OPT, cha kufanya kazi baada ya masomo, ni miezi 12, rezidensi nayo ni miezi 12. Tarehe ya kuanza OPT unaichagua mwenyewe ndani ya siku 60 baada ya masomo kuisha, na ombi linaruhusiwa kuanzia siku 90 kabla. Wengi, kwa haraka ya kupata kadi ya kibali, huandika tarehe ya karibu na mahafali. Masomo yakiisha Mei 15 na ukaanzisha OPT Juni 1, kibali kinakwisha Mei 31 wakati rezidensi inaendelea hadi Juni 30, na hospitali haiwezi kukuweka kazini hata siku moja bila kibali. Subiri barua ya programu, ambayo hufuata muda mfupi baada ya matokeo ya Machi, soma siku ya kwanza ya kuripoti, ikiwemo wiki ya utambulisho, na uandike tarehe hiyo hiyo. Kwa mfano huu dirisha linafika hadi Julai 14. Anayefikiria PGY2 aulize tangu kwenye usaili kama hospitali inadhamini viza ya kazi ya H-1B. Nyingi huandika waziwazi kwenye ukurasa wao kwamba hazidhamini, na zile zisizo za faida zilizofungamana na vyuo vikuu haziguswi na ukomo wa mwaka wa viza hizo.